Kila Kisima, Dada Spana

Baba mdogo alistaafu idara ya maji siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi jirani yetu wa upande wa kushoto aliamka, akamkuta amepiga magoti uani kwake, ameshafungua bomba ambalo halikuwa na ubaya wowote. Jumanne akahamia kwa jirani wa kulia. Wiki haikwisha, mama mdogo akaja kwetu, akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kumwambia mama yangu, "Dada, huyu mtu atanihamisha mtaa."

Alikuwa ametengeneza pampu miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyemshinda pale idarani, naye alilijua hilo kupita kiasi. Ni mtu mkarimu baba mdogo, shati lake la mwilini angekupa, lakini sifa hakuwa na uwezo wa kuzitoa. Ukisema mbele yake kwamba fundi fulani ni mzuri, anakuuliza, "Mzuri kwa lipi?" kisha anasubiri jibu kama askari wa barabarani anayesubiri leseni.

Mama mdogo ndiye aliyeona tangazo. Chama kimoja cha kujitolea kilikuwa kinatafuta mafundi wa kuzunguka nchi nzima kutengeneza pampu za mkono vijijini. Chama kinatoa vipuri na mafuta ya gari. Pa kulala kila mtu atajua mwenyewe. Wanawe pacha walikuwa wameshaoa, nyumba imekuwa kimya. Yeye ni mshonaji, ana cherehani ya mkono isiyohitaji umeme.

"Nguo zinachanika kila mahali," alisema. "Twende."

Gari walilipata kwa mwokaji mikate wa mtaani. Lilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate, limekaa nyuma ya tanuri miaka mitatu likifugiwa kuku. Baba mdogo alimtandazia mwokaji mabomba mapya duka zima, naye akampa ufunguo. Walitoa rafu za mikate, wakaacha mbili za nguo. Kitanda kilikuwa mbao tatu juu ya masanduku ya vipuri, hivyo kila baba mdogo alipohitaji soketi ya bomba ilibidi godoro likunjwe. Jiko la gesi lilifungwa kwa mkanda ukutani. Pazia la maua lilitenga dereva na chumba. Ubavuni maneno "Mkate Moto Kila Siku" hayakufutika kwa rangi yoyote, kwa hiyo kila walipoingia kijiji kipya watu walikuja mbio na vikapu, wakarudi wamenuna. Mama mdogo alizoea kutoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Hatuna mkate! Tuna maji!"

Miezi minne ya kwanza waliishi kama maharusi. Alinisimulia baba mdogo mwenyewe: unaingia mahali pampu imekufa miezi, watu wamekata tamaa, unafungua, unavuta mabomba, unabadilisha vikombe vya mpira vinavyosukuma maji, vile vilivyolika, unarudisha, unapiga mpini mara ishirini, halafu maji yanaruka. Wanawake wanapiga vigelegele, mzee mmoja anashika mkono wako na hauachii. Kesho yake unaondoka, umeshiba jina. Mimi nilikuwa naongea naye kwa simu kila Jumapili, na sauti yake ilikuwa imenenepa.

Kisha wakafika kijiji kimoja chini ya mlima. Alifanya kazi yake, maji yakatoka. Bibi mmoja akajaza ndoo yake, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umefunga vizuri, fundi. Umemkaribia Dada Spana."

Baba mdogo alikuwa anafuta mikono. Akaacha. "Nimemkaribia nani?"

"Dada Spana. Alipita hapa mwaka juzi, akatengeneza ile ya kule shuleni. Yule mtu alikuwa na mikono, wewe!"

Alicheka tu siku hiyo. Lakini kijiji cha pili walikuta tena sifa za huyo Dada Spana, na cha tatu. Hapa alilala kwa mama mjane akamlimia na shamba. Pale alikuja na homa akafanya kazi vivyo hivyo. Kwingine alikaa wiki nzima bila kugusa pampu, anakaa tu kwenye jiwe, anawaelekeza akina mama, wao ndio wanafungua na kufunga. Baba mdogo aliposikia hilo la jiwe, alifurahi kwa mara ya kwanza.

"Mvivu," alimwambia mama mdogo walipokuwa njiani. "Amekaa kwenye jiwe, wengine wanafanya kazi, sifa anachukua yeye. Hata mimi najua kukaa."

"Hujui," mama mdogo alijibu akitia uzi kwenye sindano.

Nadhani hapo ndipo wivu ulipoanza. Walipofika mji mdogo wa wachimba mawe waliitwa kwa pampu iliyogoma. Walipofika kisimani walikuta wanawake watano wameshasimamisha miti mitatu, wamefunga roda na kamba, na mabomba sita yameshalala chini juu ya gunia, safi, yamepangwa kwa urefu. Nyuma yao, kwenye ukuta wa stoo, spana zao zilining'inia kila moja mahali pake, na nyuma ya kila spana umechorwa kwa mkaa mchoro unaofanana nayo, ili ikikosekana kivuli chake kionekane.

"Karibu, fundi," alisema mmoja bila kuinua macho. "Tulikupigia kwa sababu tumeishiwa vikombe vya mpira. Unavyo?"

"Ninavyo. Sogeeni sasa nifanye."

"Hapana, tumefika nusu. Tusaidie kushika bomba hapo, baba, shukrani."

Alishika bomba. Miaka thelathini na mmoja ya kazi, akasimama juani ameshika bomba kama mti wa bendera, anaelekezwa "juu kidogo, chini kidogo". Maji yalipotoka wakapigiana makofi wao kwa wao. Walimshukuru kwa vikombe vya mpira, wakampa chai, wakamsimulia Dada Spana alivyowafundisha yote yale, hata michoro ya mkaa.

Tangu siku hiyo hakulala na jina lake mwenyewe. Alilala na la mwenzake. Alimpigia simu mratibu wa chama akijifanya anauliza habari za dizeli, kisha akapenyeza: huyu Dada Spana ni nani hasa? "Ah, yule!" mratibu alisema. "Yule ni hazina yetu." Baba mdogo akasema mtandao unakatika, akakata yeye.

Akamchora kichwani. Msichana wa miaka ishirini na kitu, suruali ya kubana, miwani ya jua, anayejipiga picha na kila mpini. Kila kijiji alichoingia swali lake la kwanza lilikuwa, "Amepita hapa?" Wakisema ndiyo, uso unamshuka. Wakisema hapana, anakunjua mikono ya shati na kufanya kazi akiimba. Akifungua pampu ambayo yule aliigusa, alitafuta kosa kama mtu anayetafuta nywele kwenye chakula. Hakulipata. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye alisubiri sana huyu mgema atie maji, lakini wapi.

Mama mdogo alivumilia, mwisho akamgeukia. Walikuwa wanaosha vyombo nyuma ya gari.

"Baba Pacha, nikuulize. Mwanamume anayemtaja mwanamke mmoja mara tisa kwa siku, ama anampenda ama anamchukia. Wewe ni kipi? Maana mimi nimehesabu leo, umenitaja mara moja, na ilikuwa kuniuliza kijiko kiko wapi."

"Simpendi! Hata simjui!"

"Basi mwache mtoto wa watu."

"Nimwache vipi? Kila kisima nakuta ameshakaa humo ndani!"

Mama mdogo alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Baba mdogo hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule alikuwa anahisi kama mtu aliyeoa mjane wa shujaa. Unakula kwenye meza yake, unaambiwa yeye alikuwa anakula vizuri zaidi.

Ilitokea mwezi wa nane wa safari. Kulikuwa na kijiji kwenye mteremko, nyumba kama mia mbili, pampu moja tu, kisima kirefu sana. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja mrefu mwenye mashine ya kusaga nafaka, nyusi zake nyeupe kwa unga wakati wote. Baba mdogo hakuitwa kutengeneza kitu pale. Alipita kukagua tu. Pampu ilikuwa inatoa maji vizuri, ila mpini ulilia kidogo ukishuka. Grisi, basi.

"Hiyo Dada Spana aliifunga miaka miwili iliyopita," mwenyekiti alisema, amejaa fahari. "Tangu siku hiyo haijatusumbua hata siku moja. Alitufundisha watu wanne. Yule, hatujaona fundi kama yule."

Wengine wakadakia. Unakumbuka alivyofanya hivi? Unakumbuka alivyosema vile? Baba mdogo alikuwa ameshika kopo la grisi. Alisikia masikio yanawaka moto. Akainama, akafungua kifuniko cha pampu, akachungulia, akapitisha kidole kwenye soketi, kile kiungo cha bomba la juu na linalofuata. Halafu mdomo wake ukasema jambo ambalo kichwa chake hakikuwa kimeliruhusu.

"Soketi hii imepasuka. Aliyefunga hapa alikuwa na haraka. Mkiacha hivi, mwezi hauishi mabomba yote yatakwenda chini."

Mwenyekiti akasogea. "Imepasuka? Mbona mimi sioni?"

"Mama, ungeweza kuona, mimi ningekuwa wa nini?"

Soketi ilikuwa nzima. Nzima kabisa, aliniambia, kama yai.

Baada ya kusema, ilibidi atende. Akina mama wanne waliofundishwa walileta miti yao na roda, akawaambia wakae pembeni, wasije wakaumia. Aliita wanaume wanne waliokuwa wanapita na majembe, ambao hawakuwa wamewahi kugusa pampu, akawaonyesha pa kuvuta. Mama mdogo alikuwa ameweka cherehani yake kivulini mwa gari, anashona sare ya shule. Aliinua kichwa, akaona namna mume wake anavyosogea, akajua. Akasema tu, "Baba Pacha." Yeye aliendelea kufunga kamba.

Walitoa mabomba saba. La nane lilipochomoza, alifunga kibano, kile chuma kinachobana bomba lisirudi chini wakati unafungua la juu. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono.

"Fundi, kibano kimekaa upande."

"Mama, nimeanza kazi hii wewe hujajua kusaga."

Akageuza spana. Kibano kikateleza. Anasema hakukuwa na kishindo, kulikuwa na mluzi mrefu unaoshuka, chuma kikipita kwenye chuma, halafu mbali sana huko chini, chubwi. Mabomba tisa na silinda yake. Wale wanaume wanne wakabaki wameshika kamba nyepesi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hayakumwagika, yalizibwa. Asubuhi iliyofuata baba mdogo aliamshwa na sauti ya madumu matupu. Alisogeza pazia. Msururu wa wanawake na watoto ulikuwa unapita kando ya gari kuelekea bwawani, saa nzima kwenda, saa moja na nusu kurudi kwa sababu ya kilima. Mtoto mmoja alikuwa amevaa sare aliyoishona mama mdogo jana yake. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu.

Alimpigia mratibu. Hakujifanya mtandao unakatika.

"Kuvua mabomba kunahitaji chombo chake," mratibu alisema, "na chombo kiko kimoja tu huko. Kiko kwa Dada Spana. Bahati yako, yuko siku moja tu kutoka hapo. Nimwite?"

Baba mdogo alisogeza tena pazia, akaona madumu bado yanapita.

"Mwite," akasema.

Alikuja kesho yake mchana kwa pikipiki yenye mifuko miwili ya turubai. Alipovua kofia, baba mdogo alitazama nyuma yake kutafuta Dada Spana halisi yuko wapi. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mnene kiunoni, nywele zenye mvi zimesukwa ovyo, anatembea ameshika mgongo. Wanawake walimkimbilia. Alikumbuka majina ya watoto wao. Alimuuliza mmoja kama jino lilishang'olewa.

Mwishowe akafika mbele ya baba mdogo, akampa mkono.

"Shikamoo," baba mdogo alijikuta akisema, ingawa huenda yeye ndiye mkubwa.

"Ah, shikamoo ya nini kaka, tunalingana. Ndiyo kwanza tunaonana."

"Lakini umenisikia," alisema. "Fundi wa gari la mkate. Huko tunakopita."

Dada Spana alifikiri kwa uaminifu kabisa. Aliangalia gari, akaangalia maneno ubavuni. "Hapana," akasema. "Sijakusikia. Unauza mkate?"

Mara kadhaa nimemuuliza baba mdogo ni kipi kilichomuuma zaidi katika yote yale, nikidhani atasema mabomba. Husema ni hilo. Miezi minne alikuwa vitani na mtu ambaye hakujua kuna vita.

Wakakusanyika kisimani. Dada Spana akauliza mbele ya wote, "Kulikuwa na shida gani mpaka mkafungua?"

Mwenyekiti akajibu, macho yake kwa baba mdogo. "Fundi alisema soketi yako imepasuka."

Soketi ilikuwa pale pale juu ya gunia. Dada Spana aliiokota, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo, ndani na nje. Alichukua muda. Yule mama akainua macho, akamtazama baba mdogo mara moja tu, akaiweka soketi mfukoni.

"Inawezekana," alisema. "Vitu huchoka. Haya, tusimamishe miti."

Alimsitiri. Wewe ungeshukuru, na mimi ningeshukuru. Baba mdogo alichukia zaidi. Sasa hata wema alikuwa amemshinda, na mbele ya mkewe.

Chombo cha kuvulia kilikuwa chuma chenye ndimi tatu, kinashushwa kwa kamba mpaka kinase mdomo wa bomba huko chini gizani. Dada Spana alikaa kwenye jiwe. Kweli alikaa kwenye jiwe! Kamba aliwapa wale akina mama wanne. "Msivute," aliwaambia. "Sikilizeni kwa viganja. Likigusa ukingo mtasikia kama meno ya mtoto." Saa zilipita. Walikosa, wakarudia, wakakosa. Baba mdogo alijua angeweza kufanya kwa robo ya muda, au alidhani anajua. Mikono ilimwasha, akazunguka kisima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuna aliyemwomba kitu. Hakufukuzwa na hakuhitajika.

Siku ya pili, jua la utosi, akina mama walipumzika kunywa maji, yale ya bwawani, ya rangi ya chai. Mwenyekiti alimmiminia Dada Spana kikombe, kisha akammiminia na baba mdogo. Alikipokea. Akaona uchafu umetulia chini. Akakiweka.

"Soketi ilikuwa nzima," alisema.

Mwenyekiti aligeuka. "Rudia."

"Haikuwa imepasuka. Nilidanganya. Pampu yenu haikuwa na ubaya wowote."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu mzima, fundi, baba wa pacha, asimame aseme sababu ya kitoto kama ile. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Akasema, "Kwa sababu mlikuwa mnamsifu."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akaziba mdomo. Mwingine akafuata, mara wote wanacheka, wanapigana mabegani. Mwenyekiti hakucheka.

"Watoto wetu wanaamka alfajiri kwenda bwawani," alisema polepole, "kwa sababu sisi tulimsifu mtu?"

Kicheko kikakatika.

"Ndiyo, mama."

"Basi una gari. Kuanzia leo mpaka maji yarudi, hakuna mtoto atakayekwenda bwawani. Utakwenda wewe."

Alikwenda. Kitanda kilitolewa, masanduku yakatolewa, gari la mkate likajazwa madumu, safari nane kwa siku, na kila safari wanawake watatu wanne nyuma ya pazia la maua kusaidia kuchota. Nao walikuwa wanaongea nini njia nzima? Dada Spana. Alivyosema, alivyofanya, alivyomfundisha fulani. Baba mdogo alishika usukani, akauma meno. Mama mdogo aliyekaa kando yake alimpa kipande cha muwa atafune badala ya meno.

Jioni moja alimfuata yule mama alipokuwa anajinyoosha mgongo ukutani.

"Kwa nini hukusema siku ile? Uliona ni nzima."

"Niliona."

"Ukanionea huruma."

"Huruma?" Alimshangaa. "Kaka, ningesema, wangekufukuza. Mimi mgongo wangu umekufa, na kuna mabomba tisa ya chuma ya kuinua. Nilihitaji mtu wa kushika kamba." Akageuka ajinyooshe upande wa pili. "Halafu ukaenda kuendesha gari, na wanawake wangu ukawabeba. Kamba nimeshika mwenyewe."

Siku ya tano chuma kiliuma. Mwanamke aliyeshika kamba alipiga yowe kabla hata haijakaza. Walivuta kwa zamu, wanaume kwa wanawake, mpaka bomba la kwanza likachomoza, limejaa tope, na kila mtu akaligusa kama mtoto mchanga. Dada Spana alipokea simu wakati huohuo. Kuna mahali pengine. Alifunga mifuko yake ya turubai, akasema, "Kufunga mnajua," akawasha pikipiki.

Kwa hiyo hakuwepo maji yaliporudi. Walifunga akina mama, baba mdogo akashika bomba pale alipoambiwa. Mpini uliposhuka mara ya ishirini na saba maji yakaruka, na wale wasiojua yaliyotokea, wazee na wageni, walimjia yeye na kumkumbatia. "Ahsante fundi, ahsante sana!" Ndizo sifa alizokuwa akizililia miezi yote. Akawa anasema, "Siyo mimi, siyo mimi," nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Hawakurudi nyumbani. Mimi nilidhani watarudi. Walizunguka miaka sita zaidi, na baba mdogo akaanza kufundisha. Alikuwa mwalimu mbaya mno. Anampa mtu spana, dakika moja haipiti ameshampokonya. Mama mdogo akawa anaweka cherehani yake karibu na kisima, na kila mkono wa mumewe ulipochomoka anakohoa. Kuna vijiji ambavyo mpaka leo wanaamini yule mama ana kifua kibovu. Wivu nao haukuisha, hilo alikiri kwangu bila aibu. Akisikia jina la Dada Spana bado kitu kilimchoma chini ya mbavu. Alisema amejifunza kufanya nacho kazi, kama mtu mwenye goti bovu anavyojifunza kupanda ngazi.

Dada Spana aliacha barabara mwaka wa tatu wa miaka hiyo. Mgongo ulikataa pikipiki, akahamia kwa binti yake, baadaye tukasikia amefariki. Baba mdogo alipata habari kwa simu akiwa chini ya gari. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Mwaka wa mwisho wa safari zao walifika kijiji ambacho yule mama aliwahi kufundisha miaka mingi nyuma. Walikuta wasichana sita, wa miaka kumi na minane, ishirini, wameshavuta mabomba yote, wanabadilisha vikombe vya mpira, wanataniana. Spana ukutani, na michoro ya mkaa nyuma yake. Baba mdogo aliuliza swali lake la siku zote.

"Amepita hapa Dada Spana?"

Wakaangaliana. "Nani?"

"Nani aliwafundisha?"

"Dada zetu. Kabla hawajaolewa."

"Na wao?"

Msichana mmoja alipandisha mabega. "Hii kazi iko hapa siku zote, baba."

Alikunywa chai yao. Alikagua, hakukuwa na la kukosoa. Aliingia kwenye gari akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo: hatimaye, kisima kimoja ambacho huyo mwanamke hayumo. Aliendesha akipiga mluzi. Mama mdogo alimtazama tu kwa pembeni, akaendelea kupinda nguo. Baada ya kilomita kumi hivi mluzi ukamkauka. Kilomita mbili mbele akapunguza mwendo, akasimama katikati ya barabara, hakuna gari wala mtu.

"Umesahau nini?" mama mdogo akauliza.

"Kitu."

Akageuza. Wasichana walikuwa wanafunga bomba la mwisho. Alisimama mbele yao, kofia mkononi, akawaambia: kulikuwa na mama mmoja mfupi, anatembea ameshika mgongo, alikuja hapa kwa pikipiki na mifuko ya turubai. Akawaambia kuhusu jiwe na kusikiliza kwa viganja. Akawaambia ile michoro ya mkaa ukutani ilianza na nani. Alisema mengi, na mama mdogo anasema hakuwahi kumsikia akimsifu mtu yeyote kwa dakika nyingi namna ile, na kwamba alikuwa anatoka jasho.

Wasichana walisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari za jamaa wa mgeni.

"Alikuwa ndugu yako?" mmoja akauliza.

"Hapana," baba mdogo alisema. "Tulikuwa kazi moja."

"Pole, baba," akasema yule msichana. Kisha akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa amesimama pale wanapotaka kulaza mpini.